Kopo Linaposema Uongo: Mwongozo Kamili wa Kusoma Lebo, Kutunza Ushahidi na Kufikisha Malalamiko Serikalini

Embe ukilitilia shaka sokoni unalibonyeza, unalinusa, unamwomba muuzaji akukatie kipande. Kopo halikupi nafasi hiyo. Limefungwa kiwandani, pengine nchi ya mbali, na yote unayoyajua kuhusu kilichomo ni maandishi yaliyozungushwa kwenye bati. Ndiyo maana sheria zinaihesabu lebo kuwa kauli ya mtengenezaji, na kauli hiyo ikiwa ya uongo ana wa kumjibu.

Lakini wengi wetu tukigundua tumeuziwa kitu kingine tunalitupa kopo, tunalalamika jikoni, yameisha. Afisa wa serikali akija kesho yake hana cha kushika. Malalamiko ya lebo husimama au kuanguka kwa vitu vitatu: kopo lenyewe, risiti, na namba ya bechi, yaani namba ya kundi la makopo yaliyotengenezwa pamoja. Mwongozo huu unamlenga mnunuzi na mwenye duka wa Tanzania Bara kwanza. Zanzibar na Kenya nitazigusa pale ofisi zinapotofautiana.

Jua kwanza unalalamikia nini

Viwango vya lebo katika ukanda wetu vina chimbuko moja: Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO). Kiwango chake cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, CXS 1 cha mwaka 1985, ndicho msingi wa kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38. Kanuni yake ya kwanza inasema chakula kisielezwe wala kuonyeshwa kwa namna ya uongo, ya kupotosha, au inayoweza kumfanya mtu akielewe vibaya. Picha nayo imo humo. Kopo lenye picha ya vipande vinono vya nyama huku ndani kukiwa na maharage na harufu ya nyama linaweza kuwa na kosa hata kama kila neno lililoandikwa ni kweli.

Tofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Bidhaa bandia ni ile iliyoiba jina au nembo ya kampuni nyingine. Bidhaa iliyoisha muda inaweza kuwa na lebo ya kweli kabisa, ila siku zake zimepita. Lebo ya kupotosha ni habari nyingine: kampuni ni halali, chakula pengine ni salama, lakini kilichoandikwa sicho kilichomo. Ukienda ofisini na kusema tu "hili kopo ni feki", faili lako linaweza kuanza safari kwenye meza isiyohusika. Sema kwa usahihi: "Lebo inasema hivi, ndani mna hivi."

Hatua ya 1: Soma nyuma kabla ya mbele

Upande wa mbele wa kopo ni wa kuuza. Ukweli, kama upo, umeandikwa kwa herufi ndogo nyuma, kwenye orodha ya viambato. Viambato hupangwa kwa uzito uliotumika wakati wa kutengeneza, kizito zaidi kikitangulia. Basi soma vitatu vya kwanza, kisha rudi mbele uangalie kama jina la bidhaa linafanana na ulichosoma. Jina likitaja au picha ikisisitiza kiambato fulani, Codex inataka asilimia yake ionyeshwe. Kopo lisemalo "yenye nyama ya ng'ombe" bila kusema ni kiasi gani limeacha jambo la lazima.

Kuna makopo manne ambayo kila nyumba huku kwetu inayajua.

*Tui la nazi.* Kila aliyekuna nazi anajua kasimele si sawa na tui la pili. Codex nayo inajua. Kiwango CXS 240 cha mwaka 2003 kinagawa tui kwa mafuta yake: tui jepesi lisipungue asilimia 5 ya mafuta, tui la kawaida lisipungue asilimia 10, na tui zito, yaani kasimele ya kiwandani, lisipungue asilimia 20. Hii ni zawadi kubwa kwa mlalamikaji, kwa sababu jedwali la virutubisho nyuma ya kopo huonyesha gramu za mafuta kwa kila gramu 100 au mililita 100. Kopo likijiita tui zito na jedwali lake likasema gramu 9, limejishtaki lenyewe. Huhitaji maabara kulianzishia kesi. Piga picha ya mbele na ya jedwali, uziweke pamoja.

*Maziwa ya kopo.* Hapa ndipo moyo wangu unapouma zaidi, kwa sababu wanaoumia ni watoto. Kuna maziwa mazito yenye sukari ambayo mafuta yake ni ya maziwa. Kiwango CXS 282 kinataka yasipungue asilimia 8. Na kuna mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta na mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese. Mchanganyiko huo ni halali na bei yake ni nafuu, lakini kiwango chake, CXS 252 cha mwaka 2006, kinataka lebo iseme wazi kuwa mna mafuta ya mimea, na ionye kwamba bidhaa hiyo haifai kuwa mbadala wa maziwa ya watoto wachanga. Kwa maziwa ya maji ya kopo yenye mafuta ya mimea kuna CXS 250, nacho kina masharti ya aina hiyohiyo. Ukikuta kopo limechorwa ng'ombe na malisho ya kijani, viambato vinataja mafuta ya mimea, halafu onyo la watoto halipo au limefichwa kwenye mshono wa karatasi, hilo si la kunyamazia. Andika siku hiyohiyo.

*Nyanya.* Nyanya nzito ya kopo, ile wanayoiita pesti, kwa kiwango CXS 57 haipaswi kupungua asilimia 24 ya yabisi asilia ya nyanya, yaani kilichomo kwenye nyanya ukiacha maji. Chini ya hapo, kuanzia asilimia 7, ni rojo la nyanya, na liitwe hivyo. Mnunuzi hawezi kupima yabisi nyumbani, lakini anaweza kusoma viambato. Wanga ukitajwa, au rangi ya kuongezwa, ujue mzito unaouona unatoka kwenye wanga na wekundu unatoka kwenye rangi. Bidhaa ya namna hiyo inaweza kuuzwa kwa jina lake la kweli. Kuiita nyanya tupu ndilo kosa.

*Samaki.* Kwenye rafu za maduka yetu "sardini" na vibua hukaa jirani, na bei zao hazilingani. Kiwango CXS 94 cha mwaka 1981 kinaacha jina la sardini peke yake kwa samaki mmoja tu, Sardina pilchardus. Samaki wengine waliotajwa kwenye orodha yake wanaruhusiwa kuitwa sardini pakiongezwa nchi, eneo au aina, na vibua hawamo kwenye orodha hiyo. Jambo hili liliwahi kuzipeleka serikali kwenye baraza la Shirika la Biashara Duniani. Umoja wa Ulaya ulikuwa umelifungia jina hilo kwa samaki wake, Peru ikapinga kwa niaba ya wavuvi wake wa Sardinops sagax, na mwaka 2002 Peru ikashinda. Kwa hiyo ukiona kopo limeandikwa sardini za Pasifiki, usikimbilie kulalamika. Jina hilo limekamilika. Kopo la kulitilia shaka ni lile lisemalo sardini mbele, halafu kwa herufi za mchwa nyuma linataja samaki mwingine kabisa.

Madai ya afya yapitie haraka, kwa sababu yana tarakimu zake. Kwa mwongozo wa Codex CXG 23, "haina sukari" maana yake sukari isizidi gramu 0.5 katika gramu 100, na "sodiamu kidogo" maana yake isizidi gramu 0.12 katika gramu 100. Mgonjwa wa presha anayesoma jedwali la kopo la maharage azidishe sodiamu kwa 2.5 apate chumvi.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Kopo la vipande vya nanasi, uyoga au njegere huandikwa uzito wa aina mbili: uzito halisi wa vyote vilivyomo, na uzito baada ya kuchuja, ambao kwenye lebo za Kiingereza husomeka "drained weight". Wa pili ndio unaokujali wewe, kwa sababu maji ya chumvi unayo bombani. Codex inataka uzito huo uandikwe kwa chakula kilichofungwa ndani ya maji, maji ya chumvi au ya sukari, juisi ya matunda na mboga, au siki. Mafuta ya kula na sosi hayamo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo samaki wa kwenye mafuta asipokuwa na uzito wa kuchuja, hilo peke yake si kosa.

Namna ya kupima ni hii. Chukua mizani ya jikoni ya kidijitali na chekecheo kavu. Pima chekecheo tupu. Fungua kopo, mimina vilivyomo, sambaza bila kubonyeza, liinamishe chekecheo kidogo, hesabu dakika 2, kisha pima tena. Ukitaka uzito halisi, lipime kopo kabla ya kulifungua. Halafu lioshe, likauke, ulipime tupu, utoe.

Sasa usiende mbio. Vipimo vya kimataifa vya bidhaa zilizofungashwa, vinavyojulikana kama OIML R 87, vinaruhusu kopo mojamoja kupungua kidogo mradi wastani wa bechi nzima usipungue. Kwa uzito wa kati ya gramu 200 na 300 upungufu unaovumiliwa ni gramu 9. Kati ya 300 na 500 ni asilimia 3. Upungufu unaozidi mara mbili ya kiwango hicho haukubaliki kwa kopo lolote. Tuseme lebo inadai gramu 240 baada ya kuchuja. Ukipata 235, huna kesi bado. Ukipata 226, nunua mengine mawili ya bechi hiyohiyo uyapime. Ukipata 215, upungufu ni gramu 25, umevuka 18, na hata kopo hilo moja linatosha kumfanya afisa wa vipimo anyanyuke kitini.

Kipimo chako hakitatumika mahakamani kama kilivyo. Mizani ya jikoni haijahakikiwa. Kazi yake ni kukuhakikishia kwamba unachokwenda kusema kina msingi, na kumwonyesha afisa pa kuanzia. Kwa sababu hiyo usifungue makopo yote. Lazima libaki angalau moja la bechi hiyo likiwa limefungwa.

Na kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono usilifungue hata kidogo. Hilo linaweza kuwa na sumu ya bakteria wa Clostridium botulinum, na hakuna ushahidi unaostahili mtu afe kwa ajili yake. Lifunge kwenye mfuko wa plastiki, liandike "usile", ulikabidhi.

Hatua ya 3: Tarehe, bechi na namba za mistari

Tarehe hugongwa au kuchapwa kwenye kifuniko au kitako cha kopo. Mchezo wa kubadilisha tarehe huacha alama. Angalia kama kuna weupe au mng'ao palipofutwa kwa thina, kama wino umekaa juu ya mkwaruzo, kama stika imebandikwa juu ya maandishi ya zamani. Omba kuona katoni: tarehe na bechi ya katoni zilingane na za makopo yaliyomo. Makopo mawili ya bechi moja yenye tarehe tofauti za kuisha ni ishara mbaya. Karatasi ya lebo ikiwa imekaa upande, au chini yake mna gundi ya zamani au mabaki ya karatasi nyingine, inawezekana kopo limevishwa nguo ya pili.

Stika ya mwagizaji peke yake si uhalifu. Bidhaa nyingi huingia na lebo za lugha tusizozisoma, na mwagizaji hubandika tafsiri. Stika hiyo inatakiwa iseme yaleyale yaliyo kwenye lebo ya asili na isifunike taarifa ya lazima. Ikifunika tarehe, ing'oe polepole upande mmoja kwenye kopo ulilokwisha kulinunua na upige picha ya kilicho chini.

Kuhusu namba za mistari, ile barkodi, kuna uvumi unaozunguka kila mwaka kwenye makundi ya WhatsApp kwamba tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha nchi ilikotengenezwa bidhaa. Sivyo. 620 inaonyesha kwamba kampuni ilipewa namba kupitia GS1, shirika linalogawa namba hizo, tawi la Tanzania, na 616 kupitia la Kenya. Bidhaa yenyewe ingeweza kufungwa kwingine. Usijenge malalamiko juu ya barkodi. Nchi ya asili iandikwe kwa maneno, na chakula kikisindikwa kwenye nchi ya pili kiasi cha kubadilika asili yake, nchi hiyo ya pili ndiyo inayohesabiwa.

Hatua ya 4: Funga ushahidi wako

Fanya haya kabla hujampigia mtu simu.

Piga picha za kopo pande zote, kifuniko na kitako, mwanga ukiwa wa kutosha kusoma herufi ndogo. Piga picha ya bei kwenye rafu na ya katoni kama unaruhusiwa. Andika mahali ulipolinunua, tarehe na saa. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kwa Kenya, ankara ya kodi ya kielektroniki, eTIMS. Karatasi ya risiti hufifia haraka kwa joto, kwa hiyo ipige picha siku ileile. Duka lisilotoa risiti usiliache hivihivi: rudi na mtu mwingine ashuhudie ununuzi, kisha muandike majina yenu na saa.

Kopo ulilolifungua lisafishe na ulitunze pamoja na lebo yake. Kilichokuwemo, kama ni chakula chenye shaka, kigandishe kwenye chombo safi chenye maandishi, ingawa ukweli ni kwamba maabara itapendelea kopo lililofungwa. Hilo lililofungwa liweke mahali pakavu pasipo jua na usimpe mtu mwingine yeyote, hata msambazaji anayekuja na tabasamu na katoni mbili za fidia. Ukimpa kopo, umempa kesi yako.

Usirushe jina la kampuni mtandaoni kabla ya majibu. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu kuchapisha taarifa za uongo, na Kenya nako kuna ya 2018. Ukiwa umekosea bechi au umesoma vibaya kiambato, wewe ndiye utakayeitwa kituoni. Malalamiko ya kiofisi yana kinga ambayo kundi la WhatsApp halina: yanakwenda kwa mwenye mamlaka ya kuchunguza.

Hatua ya 5: Peleka panapostahili

Tanzania Bara, mlango mkuu ni Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye makao Ubungo, Dar es Salaam, na ofisi za kanda kama Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma. Zamani lebo za chakula zilikuwa chini ya TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Tangu Julai 2019, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, udhibiti wa chakula na vipodozi ulihamia TBS chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009, na TFDA ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Bado wapo wanaopeleka makopo TMDA na kurudishwa. Viambato, jina la bidhaa, tarehe, onyo la watoto, alama ya ubora iliyotumiwa bila leseni: yote haya ni ya TBS.

Kosa likiwa ni uzito peke yake, nenda Wakala wa Vipimo, WMA. Ikiwa ni nembo ya kampuni nyingine iliyoigizwa, au madai ya uongo ya kibiashara kwa upana wake, nenda Tume ya Ushindani, FCC. Hiyo ina meno ya aina mbili: Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo vifungu vyake vya 15 na 16 vinakataza mwenendo wa kupotosha na madai ya uongo, na Sheria ya Alama za Bidhaa. Wilayani ambako ofisi hizi ziko mbali, anza kwa afisa afya wa halmashauri. Yeye anaingia madukani, anajua njia, na barua yake kwenda TBS ina uzito.

Zanzibar ina mamlaka zake. Chakula ni kazi ya ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa, na viwango ni vya ZBS, Taasisi ya Viwango. Usipeleke Ubungo kopo lililonunuliwa Darajani.

Kenya, mkebe wenye lebo ya uongo unapelekwa KEBS, shirika la viwango la huko, au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, anayefanya kazi chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254. Madai ya kibiashara ya uongo yamo pia kwenye kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010, kwa hiyo Mamlaka ya Ushindani nayo ni mlango. Bidhaa bandia ni za Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Kabla ya yote, tuma ujumbe mfupi wenye SM# na namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora kwenda 20023. Jibu litakuambia kibali hicho ni cha kampuni gani na bidhaa gani. Na ukiandika barua yako, taja ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na ya kupewa taarifa anazozihitaji. Kwa kazi kama hii majirani wa Uganda wana shirika la viwango, UNBS, na Kongo ya Kinshasa ni ofisi ya ukaguzi, OCC.

Hatua ya 6: Andika barua inayosomeka kwa dakika moja

Piga simu ukipenda, lakini lazima pawe na maandishi yenye muhuri wa kupokelewa au barua pepe inayoonyesha tarehe. Afisa ana rundo mezani. Usianze na historia ya uchungu wako. Weka ukweli kwa mpangilio. Mfano:

> Mkurugenzi Mkuu,
> Shirika la Viwango Tanzania.
>
> YAH: LEBO YA KUPOTOSHA KWENYE TUI LA NAZI LA KOPO
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Tarehe … nilinunua makopo matatu ya tui la nazi, jina la biashara …, ujazo wa mililita 400, katika duka … lililopo mtaa wa …, wilaya ya …. Namba ya bechi ni …, tarehe ya kuisha ni …. Mwagizaji aliyetajwa kwenye lebo ni ….
>
> Upande wa mbele bidhaa inaitwa tui zito. Jedwali la virutubisho linaonyesha mafuta gramu 9 kwa gramu 100, wakati kiwango CXS 240 kinataka tui zito lisipungue asilimia 20.
>
> Nimeambatisha nakala ya risiti na picha sita. Ninalo kopo moja la bechi hiyo ambalo halijafunguliwa, na niko tayari kulikabidhi kwa maandishi.
>
> Naomba bidhaa hii ichunguzwe, na nipewe namba ya kumbukumbu ya malalamiko haya.
>
> Naomba kuwasilisha.

Omba jambo moja au mawili tu. Anayetaka kampuni ifungwe, arudishiwe fedha, alipwe fidia na aombwe radhi gazetini, vyote kwa barua moja, anampa afisa sababu ya kuiweka pembeni.

Baada ya barua

Ukikabidhi kopo, dai hati ya mapokezi inayotaja bidhaa, bechi na idadi. Afisa makini hatategemea kopo lako peke yake. Atakwenda sokoni kuchukua mengine ya bechi hiyo, kwa sababu la kwako limepita mikononi mwa mtu mwenye lalamiko. Hapo ndipo namba ya bechi inapolipa. Bila hiyo anatafuta sindano Kariakoo nzima. Kama bidhaa imetoka nje, ataangalia pia kibali cha kuingiza na cheti cha ukaguzi kilichotolewa kabla ya kusafirishwa, alinganishe lebo iliyoidhinishwa na iliyopo rafuni.

Matokeo yanategemea uzito wa kosa. Dogo, kwa mfano anwani isiyokamilika, mhusika huagizwa kurekebisha. Kubwa, mzigo huzuiwa, hurejeshwa kutoka sokoni, au huteketezwa kwa gharama ya mwenye mali, na kesi inaweza kwenda mahakamani. Fedha zako za kopo ni jambo jingine. Hizo zidai dukani kwa risiti, mapema, kwa upole, bila kusubiri uchunguzi.

Fuatilia kwa namba ya kumbukumbu. Kimya kikizidi mwezi, andika barua ya pili ukiambatisha ya kwanza, na nakala uipeleke kwa meneja wa kanda. Kimya kikiendelea, nakala iende FCC na wizara yenye dhamana ya viwanda na biashara. Kila barua iwe fupi kuliko iliyotangulia.

Ukiwa wewe ndiye mwenye duka

Mkaguzi akiingia hamkuti mwenye kiwanda. Anakukuta wewe, na kuuza bidhaa yenye madai ya uongo kunaweza kukutia hatiani ingawa hukuichapa lebo. Kinga yako ni karatasi. Nunua jumla kwa anayetoa risiti yenye jina lake, andika namba za bechi nyuma ya ankara, na uzihifadhi hadi mzigo uishe na muda wa tarehe zake upite. Mzigo wa bei ya chini isiyoelezeka, ulioletwa na gari lisilo na jina, usiupokee hata kama jirani yako ameuchukua.

Mteja akirudi na kopo, usimbishie mbele za watu. Mrudishie fedha, andika jina la bidhaa na bechi, kisha ondoa rafuni makopo yote ya bechi hiyo, uyarudishe kwenye katoni na uyaandike "HAYAUZWI". Mjulishe msambazaji kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu tu. Mkaguzi akifika, omba kitambulisho chake, mwonyeshe katoni na ankara, na usaini fomu ya sampuli baada ya kuhakikisha bechi na idadi vimeandikwa sawa. Baki na nakala. Msambazaji akija kuzichukua katoni hizo kabla ya afisa kukupa ruhusa ya maandishi, mwambie hazitoki, na umwonyeshe fomu.